Mwalimu wa Baiolojia na Jua la Binti Yangu

Mwalimu alikuwa hajui kukaa. Dukani kwangu kuna benchi ambalo watu wote wa Bagara, huku kwetu Babati, wanalijua, maana wengine huja kukaa tu, kitambaa hawanunui. Yeye, katika miaka yote niliyomfahamu, alisimama. Alinunua amesimama, alikunywa chai ya tangawizi amesimama, na alinigombeza amesimama. Mara moja tu alilipanda benchi lile, tena kwa miguu yote miwili na viatu vyake vya kazini, kwa sababu kuku wa jirani alikuwa ameingia dukani. Mama huyu alikuwa akipasua vyura mbele ya wanafunzi bila kukunja uso. Kuku mzima mwenye manyoya yake ndiye aliyemshinda. Tulipomfukuza yule kuku, Mwalimu alishuka, akapangusa benchi kwa leso yake, akaendelea kuniteremsha bei pale pale alipokuwa ameishia.

Mimi nauza vitambaa, na nimeona wanunuzi wa kila aina. Yuko anayenung'unika, yuko anayebembeleza, yuko anayejifanya anaondoka. Mwalimu alikuwa anauliza maswali. Kitambaa hiki kimetoka wapi? Ukikifua kinarudi kiasi gani? Umejuaje, umekifua wewe? Nikijibu "labda", ananitazama juu ya miwani kama nimemletea daftari chafu. "Tusidanganyane, Baba Hadija," husema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Alilisema kwa wanafunzi, kwa wazazi, kwa mafundi wa bomba, na nimesikia kwamba aliwahi kumwambia hata mchungaji wake baada ya mahubiri.

Alikuwa Mlutheri kutoka upande wa Mbulu, nami ni Mwislamu wa mjini hapa. Mwezi wa Ramadhani alikuwa hagusi hata maji mbele yetu, na sikukuu ya Idi alikuja kuchukua biriani yake bila kusubiri kualikwa. Aliimba kwaya. Watu wa kanisani kwake waliniambia kwamba sauti yake haikuwa nzuri, na kwamba hakuna aliyethubutu kumweleza.

Nayasema haya ya kuchekesha mapema kwa sababu nikianza na jambo lenyewe nitashindwa kumalizia. Jambo lenyewe ni kwamba binti yangu yu hai, na kwamba nimemshukuru Mungu, nimewashukuru madaktari, na huyu mama hakuwahi kuniachia nafasi ya kumshukuru vizuri.

Siku ya kwanza alipomwona Hadija alikuwa amekuja kutafuta pazia. Hadija alikuwa mdogo, hajaanza shule, ameketi kizingitini pa duka, jua la asubuhi likimpiga usoni. Tulikuwa tumemweka hapo makusudi. Huku kwetu asubuhi ina baridi, na mtoto mnyonge huoteshwa jua ili apate nguvu. Bibi zetu walifanya hivyo na bibi zao pia. Hadija alikuwa na madoadoa meusi usoni na mikononi, midomo imekauka, macho hayataki kufunguka mbele ya mwanga. Mtaa mzima ulikuwa umetushauri: mwotesheni jua. Basi jua likichomoza tu juu ya mlima Kwaraa, tunamtoa. Na kadiri tulivyomtoa ndivyo madoa yalivyozidi, na kadiri yalivyozidi ndivyo tulivyomtoa zaidi.

Mwalimu aliachia pazia. Aliinama, akaitazama mikono ya mtoto, akainua mkono wa gauni na kukuta kwamba ngozi iliyofunikwa ni safi, laini, haina doa hata moja.

"Mwingize ndani," alisema.

"Mwalimu, anaota jua."

"Nimeona. Mwingize ndani sasa hivi, halafu umpeleke Moshi kwa madaktari wa ngozi. Mimi si daktari, naweza kuwa nimekosea. Lakini mpaka waseme nimekosea, mtoto huyu asiwekwe juani."

Aliondoka bila pazia. Kesho yake alirudi, akaliulizia pazia, na kabla ya pazia aliuliza kama nimeshakata tiketi.

Madaktari hawakusema amekosea. Walituambia ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, adimu, ambao unaifanya ngozi isiweze kujitibu ikichomwa na jua, na kwamba asipolindwa atapata saratani angali mtoto. Wakachukua damu, ikapelekwa nje ya nchi ili kujua hasa kasoro iko wapi. Majibu yalichukua muda mrefu kurudi. Daktari alitueleza kwa upole na kwa utaratibu, nami niliitikia kila neno, na nilipofika Babati nilikuwa sikumbuki hata moja isipokuwa "saratani". Nikampelekea Mwalimu karatasi ya majibu, iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Aliisoma amesimama. Kisha akasema, "Nipe doti moja ya khanga."

Nikamteremshia. Doti, kama anavyojua kila mwenye mke, ni khanga mbili zilizochapwa sawasawa, pande mbili za kitu kimoja.

"Ndani ya kila chembe ya mwili wa Hadija," alisema, "kuna uzi mrefu wenye maandishi yote ya kumtengeneza Hadija. Ndiyo vinasaba, ile DNA unayoisikia redioni. Uzi huo ni nyuzi mbili zilizojisokota pamoja, na kila mmoja unajua mwenzake ana nini. Sasa jua likipiga ngozi linaunguza maandishi. Ya kwake, ya kwangu, na ya kwako."

"Ya kwangu? Mbona mimi sina madoa?"

"Kwa sababu una mafundi ndani."

Alizilaza zile khanga moja juu ya nyingine, akazisokota kwa nguvu mpaka zikawa gongo, akanikabidhi. "Humo ndani kuna palipoungua. Nionyeshe."

"Siwezi, Mwalimu, mpaka nifungue."

"Haya. Umeshajifundisha mwenyewe."

Akanieleza kwamba mwilini kuna kimeng'enya, yaani mfanyakazi mdogo mno, kiitwacho helikesi. Kazi yake ni kufungua. Huupanda ule uzi, huenda upande mmoja bila kurudi nyuma, na hutenganisha zile nyuzi mbili hatua kwa hatua. Kila hatua inakula nguvu, nguvu ile ile ya ugali ulioula mchana. Hakati, anafungua tu. Palipofunguka ndipo wenzake wanapofika na kukata kipande kilichoungua, kisha wanautazama uzi wa pili, ulio mzima, na kuandika upya palipoondolewa.

Hapo nikamwelewa. Khanga moja ikiungua pasi, fundi huitazama ya pili ili ajue ua lilikuwa limekaa wapi. Nilimwambia hivyo, akafurahi kweli kweli, akapiga kaunta kwa kiganja.

"Sasa mfunguzi wa Hadija ana kasoro," alisema, na furaha ikamtoka. "Mafundi wanafika, mkasi wanao, lakini nguo haijafunguliwa. Wanaondoka. Palipoungua panabaki vilevile, na kesho panaungua pengine."

Mimi ni mfanyabiashara, nikiambiwa mashine imekufa nauliza imekufa kiasi gani. Nikamwuliza: kama mfunguzi wa mtoto huyu ni mbovu, mbona amekua? Mbona ana meno, ana kelele, na anajua kudanganya kuhusu sukari? Nadhani hilo lilikuwa swali bora nililowahi kumwuliza, kwa sababu aliweka chai chini.

"Wafunguzi ni wengi," alisema. "Chembe ikitaka kujigawa mara mbili, uzi wote lazima ufunguliwe na kunakiliwa. Kazi hiyo ina mfunguzi wake, na wa Hadija ni mzima. Ndiyo maana viatu vinambana kila muhula. Halafu kuna kufungua kidogo tu ili pasomwe. Chembe ya jicho inasoma mistari yake, ya tumbo inasoma yake, hakuna inayosoma kitabu kizima. Huyu mwenye kasoro ana vibarua viwili: anasaidia penye kusoma, na anafungua penye kuungua. Penye kusoma anajitahidi. Penye kuungua anashindwa. Tusidanganyane, anashindwa."

"Watamtengeneza?"

"Hapana. Kwa leo, hapana."

"Basi tufanye nini?"

"Tusimpe kazi," alisema Mwalimu. "Jua lisipomgusa, hakuna pa kufungua."

Nimesikia mahubiri mengi, na hotuba za kampeni, na nasaha za harusi. Hakuna maneno yaliyonitengenezea maisha kama hayo. Tangu siku hiyo nilijua kazi yangu ni nini. Ng'ombe haelemewi na nunduye, wanasema, lakini ng'ombe naye anahitaji kuonyeshwa njia ya kupita.

Mwalimu alikuwa na ukali ambao leo naupenda, ingawa wakati ule wengine uliwachoma. Mke wangu ni binti wa mjomba wangu. Mtoto alipougua, dada zangu walianza kusema kwamba ugonjwa umetoka kwa mama, na mke wangu, siku baada ya siku, chakula hali. Sijui nani alimwambia Mwalimu. Alikuja nyumbani jioni moja, dada yangu mkubwa akiwepo, akakataa kiti.

"Kila mtu ana nakala mbili za maandishi," alisema bila kuzungushazungusha, "moja ya baba, moja ya mama. Kosa likiwa kwenye nakala moja, nyingine inalibeba, na mwenyewe hajui kabisa. Hadija amepata nakala yenye kosa kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo, shangazi, kitu hiki kimetoka na kwenu pia."

Dada yangu alikumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni, akaondoka kabla ya chai. Mke wangu aliinamisha kichwa, na kwanza nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Usiku ule alikula.

Shuleni alikokuwa akifundisha, Mwalimu alikuwa anaogopwa kwa mambo ya sare. Soksi ikiwa na mstari usiotakiwa, unarudi nyumbani. Nywele zikizidi, mkasi uko mfukoni. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wakivuka barabara ili wasipishane naye hata Jumapili. Na mtu huyu huyu ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa shule ya msingi ya jirani kumwombea Hadija avae kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo, miwani myeusi, glavu na suruali ndefu chini ya sketi, na asisimame paredi kamwe. Mkuu alisema utaratibu ni utaratibu, watoto wote wanasimama mstarini asubuhi na mchana. Mimi nilikuwepo, nimeshika kofia yangu mkononi.

"Mkuu," Mwalimu alimwambia, "mimi ndiye ninayewarudisha watoto nyumbani kwa ajili ya soksi. Wewe unanijua. Nikikwambia huyu avae kofia, ujue nimefika mwisho."

Mkuu akauliza kama glavu zinaweza kuwa za rangi ya sare.

Kuhusu kitambaa, tulihangaika mimi na yeye. Alikuja dukani na simu yake, akawasha tochi nyuma ya kila jora nililokuwa nalo. Kikipitisha mwanga, anakitupa. Vitambaa vyangu vya bei kubwa, vile vinavyometa, vyote vilifeli. Kaki nzito ya suruali ndiyo iliyofaulu, na bitana juu yake. Fundi wa cherehani anayekaa barazani kwangu alishona kofia ile mara tatu, kwa sababu Mwalimu alikuwa anamwambia, "Sikio liko nje. Unataka niendelee kukueleza sikio liko wapi?" Kwa madirisha ya darasa alikwenda kwa vijana wa gereji wanaobandika karatasi za giza kwenye vioo vya magari. Mmoja alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyefukuzwa naye mara nyingi kwa ajili ya nywele.

"Mambo ya tinti darasani, Mwalimu? Unataka watoto walale?"

"Nataka mmoja asiungue. Utakuja lini?"

"Poa, Mwalimu. Kesho."

Alikuja kesho yake kweli, na malipo hakutaka. Watoto wa darasani wakampa Hadija jina la Ninja. Nilikasirika, nikataka kwenda kusema. Hadija alinizuia, jina lilimpendeza, na alikuwa ameshaanza kuwatoza wenzake pipi wakitaka kujaribu miwani.

Mwalimu alimtendea Hadija kama mwanafunzi mwingine yeyote, na labda hilo ndilo lililomjenga mtoto kuliko kofia. Jioni, jua likishazama, Hadija alikuwa anakwenda kwake kusoma. Siku moja, nikiwa nimemfuata, nilisikia binti yangu akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, mimi nitakufa?"

"Tutakufa wote, Hadija," alijibu Mwalimu. "Lakini wewe kesho una jaribio la hesabu. Tusidanganyane, hujajiandaa."

Nikasikia kurasa zikifunuliwa.

Nilimwuliza wakati fulani kwa nini mtu wa sayansi kama yeye anamwombea mtoto wangu kanisani, maana nilikuwa nimeambiwa. Alikasirika kidogo. "Kwani helikesi nimeziumba mimi?" Kisha akaniuliza kama mimi namwombea msikitini. Nikasema ndiyo. "Basi endelea," akasema, "na kofia avae."

Alistaafu, akahamia shambani kwake Mutuka, kwenye mahindi na mbaazi. Kuku hakufuga. Tukawa tunaonana mara chache. Hadija alikua, akamaliza kidato cha sita, akawa anasubiri chuo. Usidhani kwamba ulinzi wote ule ulizuia kila kitu. Jua ni jingi, na miaka ile ya mwanzo kizingitini ilikuwa imeshafanya yake. Amekatwa vivimbe, kimoja puani na kimoja kwenye kope, na makovu yapo. Madaktari wa Moshi walitueleza wazi mchezo wenyewe ulivyo: kivimbe kikikamatwa kingali kidogo kinatolewa na maisha yanaendelea, kikichelewa kinaingia ndani, na hapo hakuna wa kumlaumu wala wa kumsaidia. Kwa hiyo miaka yote mimi ndiye niliyekuwa namkagua uso kila Ijumaa, kwa taa.

Mwezi uliopita tulikwenda Mutuka kumsalimia, baada ya sala ya magharibi, kwa bajaji. Tulimkuta amekaa. Nilishtuka kumwona kwenye kiti, na nadhani aliusikia mshtuko wangu, kwa sababu alisema, "Macho, Baba Hadija. Mtoto wa jicho. Nasubiri kufanyiwa upasuaji, na mtu asiyeona vizuri akisimama anaangusha vitu."

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Hadija.

"Marahaba, mwanangu. Njoo hapa karibu."

Akaushika uso wa binti yangu kwa mikono miwili, akaanza kuupapasa kwa vidole, taratibu: paji la uso, kope, pua, midomo. Alipofika kwenye makovu alitulia kidogo, akapita. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na mfuko wangu wa sukari na kitambaa cha gauni, nikitafuta maneno. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitamshukuru, atake asitake.

"Hamna kitu," alisema Mwalimu. "Pako safi."

"Kipo kimoja, Mwalimu," alisema Hadija.

Mimi sikukijua. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimemkagua, nikasema kama alivyosema Mwalimu, hamna kitu.

"Nyuma ya sikio," Hadija aliendelea. "Nilikihisi nikichana nywele, nikakitazama kwa vioo viwili. Nimeshaongea na watu wa kliniki Moshi, wamenipa nafasi wiki hii. Nitasafiri na basi la jioni. Baba, nilikuwa nikuambie tukirudi nyumbani."

Maneno yangu yote ya shukrani yalinipotea. Niliwatazama hawa wawili: mmoja haoni, mwingine ameona kabla yangu na kabla ya kila mtu, na ameshakata shauri. Nililia, na sioni haya kusema. Hofu ilikuwemo, lakini nyingi ilikuwa shukrani, ile ambayo nilikuwa nimeibeba tangu siku ya pazia na sikupata pa kuitua.

Mwalimu hakunijali. Alinyoosha kidole chake cha shahada hewani, mbele ya uso wa Hadija.

"Nionyeshe," alisema.

Hadija alikishika kile kidole, akakipeleka nyuma ya sikio lake, akakiweka mahali pake. Mwalimu alipasikiliza kwa kidole, macho yake meupe yakitazama ukuta.

"Kidogo," alisema. "Umewahi."